Maziwa ya Mama na Figo ya Zuhura

Kama leo umepewa ile karatasi ya kuandika ukoo wako, iweke kando kwanza, unywe chai yako, usome haya. Mimi niliijaza haraka haraka kwenye kiti cha plastiki, huku nikisubiri kuitwa jina langu, jina ambalo hakuna nesi wa nchi hii aliyewahi kulitamka sawasawa. Karatasi iliuliza mama, baba, ndugu wa kike, ndugu wa kiume, nani mzima, nani mgonjwa, nani amefariki na kwa maradhi gani. Maswali mepesi kwa mtu aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote. Penye ndugu nikaandika wawili, Seif na Zuhura, nikatia sahihi, nikairudisha. Kosa langu likakaa ndani ya faili zaidi ya miaka ishirini, na halikumdhuru mtu mwingine yeyote kama lilivyomdhuru Zuhura.

Naitwa Biubwa. Nilizaliwa Unguja miezi michache kabla ya mapinduzi, na tangu niolewe naishi Woolwich, huku kwa Waingereza. Ugonjwa wangu ni wa figo, ule wa kurithi, ambao figo hujaa vifuko vya maji vinavyokua polepole mpaka vinaziba kila mahali. Zaidi ya hapo sielezi. Vijitabu vya hospitali vinaeleza vizuri kuliko mimi, na mtandao unaeleza mpaka unakutisha. Mimi nitasema yale ambayo vijitabu haviyajui.

Mama yangu alifariki nikiwa msichana, uso umevimba, miguu imevimba, na kila aliyekuja msibani alikuwa na maneno yake. Wengine walisema presha, wengine wakasema kijicho. Figo hazikutajwa na mtu. Nilipofika miaka thelathini na tatu nikaanza kuumwa ubavu, kisha siku moja nikaona damu kwenye mkojo. Nikapigwa picha ya tumbo, na daktari akaniambia kwa upole kwamba hiki nilichonacho kinarithiwa, kwamba bila shaka nimekipata kwa mama, na kwamba ni vyema ndugu zangu nao wapimwe.

Basi mimi ni mtu wa kutekeleza. Ukinipa orodha Jumatatu, Jumatano nimeshaimaliza. Nilimpigia simu kaka yangu Seif, aliyekuwa akiishi Leicester, akaenda kupimwa, akakutwa nao. Jumamosi iliyofuata nikapanda treni kwenda Harrow kwa Zuhura.

Hapa lazima nimweleze Zuhura ni nani. Mama yake, Bi Kidawa, alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Katika siku zile za mapinduzi mumewe alichukuliwa, hakurudi, na yeye maziwa yakamkauka kwa hofu. Zuhura alikuwa mchanga wa wiki chache. Mama yangu alikuwa ananinyonyesha mimi, akamchukua na yule, huku mmoja, huku mmoja. Hakumnyonyesha mara tano zile zinazotosha kwa sheria ya dini tu, alimnyonyesha mpaka akaota meno. Kwa hivyo Zuhura ni dada yangu. Seif hawezi kumuoa, na mbele ya Seif hajifuniki kichwa. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo, ndiyo maana sikumweleza mtu yeyote.

Siku ile Harrow nilimkuta dukani kwa Bi Jaya, Mhindi mzaliwa wa Kampala aliyekuwa akiuza sari, na Zuhura ndiye aliyekuwa fundi wake wa cherehani. Alikuwa amechumbiwa. Mchumba aliitwa Mbarouk, Mpemba mmoja mpole aliyefanya kazi posta, na harusi ilikuwa ifanyike baada ya Idi. Nikamweleza habari yangu na ya Seif, amesimama, pini mdomoni.

"Na wewe ukapime," nikamwambia. "Ziwa tulilonyonya ni moja."

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. "Kwani yanapita kwenye maziwa?"

"Ikiwa maziwa yanaharamisha ndoa," nikasema, "yatashindwa na ugonjwa?"

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo, wala sikumuuliza daktari, maana hata halikunijia wazo kwamba ni jambo la kuuliza. Zuhura akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kushona. Nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba nimetimiza wajibu.

Hakwenda kupima. Nilimkumbusha, nikamkumbusha tena, akawa ananiambia atakwenda. Idi ikapita, na baada yake tukasikia amemrudishia Mbarouk pete yake. Nilipomuuliza alisema tu, "Hatuwezani." Wakaja wengine wawili watatu, nao akawakataa. Mimi nikawa namtania mbele za watu kwamba Zuhura anachagua waume kama anavyochagua vifungo, na yeye alikuwa akicheka pamoja nasi. Kila nikikumbuka kicheko kile sasa naona haya.

Miaka ikaenda. Figo zangu nazo zikaenda, polepole, bila kelele. Nilipopita hamsini tumbo lilikuwa limejaa mpaka naonekana mja mzito. Sokoni Woolwich mama mmoja Mnaijeria muuza ndizi alinipa kiti chake akanibariki mimi na mtoto, nikashindwa kumwambia ukweli, nikaitikia amina. Majani yalipokuwa yanadondoka mwaka ule ndipo nikaanza kusafishwa damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, katika kituo kimoja upande wa Lewisham.

Walinifanyia upasuaji mdogo kwenye mkono wa kushoto, wakaunganisha mishipa ili sindano zipate pa kuingia, na tangu siku hiyo ukiweka kiganja pale unausikia mkono unanguruma kama friji. Usiogope, utauzoea. Utakachoshindwa kukizoea ni kiu. Kikombe changu cha maji kilikuwa kidogo na kilihesabiwa, nikawa namumunya vipande vya barafu na kuota madafu. Ramadhani ya kwanza, mimi siwezi kufunga, Khamis mume wangu alikuwa anafuturu jikoni amesimama, ili nisimwone akinywa maji. Sikumwambia kwamba namsikia.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na televisheni isiyo na sauti na bwana mmoja wa Kijamaika aliyenishikia kiti cha karibu na hita kila siku ya zamu yetu, bila kuniuliza jina. Nesi mmoja Mfilipino alikuwa analitia blanketi joto kabla hajanifunika. Vitu hivi ni vidogo ukivisoma ukiwa mzima. Mimi vilinifikisha kutoka Jumatatu mpaka Jumatano.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko kituoni. Nilihitaji figo ya mtu. Foleni ya figo za marehemu ni ndefu, na kwa mtu wa asili yetu ni ndefu zaidi. Khamis alipimwa, sukari ikamtoa. Seif naye figo zake ndizo zilezile za mama. Binti yangu Maryam, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alinijia akasema, "Mum, chukua yangu." Madaktari wakasema hawezi kutoa mpaka ajulikane kama hakurithi, na yeye alikuwa hajawa tayari kujua. Nikamsukuma apime. Nikamsukuma sana. Tukakaa wiki nzima hatusemezani ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Na Zuhura hakuja. Alikuwa ananishonea magauni yenye mkono wa kushoto uliopasuliwa mpaka begani na kufungwa vifungo, ili manesi wasinivue nguo. Alikuwa anayatuma kwa posta, yamepigwa pasi. Lakini kituoni hakukanyaga, na neno figo hakulitamka hata kwenye simu.

"Dada yako mwenyewe," Khamis aliniambia siku moja. "Hata kukuuliza?"

Nilikuwa nimeshajiambia hayo mara nyingi. Nilimchukia, nasema kweli. Nilikuwa nayavaa magauni yake huku nimemkasirikia, na watu wakiniuliza habari zake nilikuwa najibu kwamba Zuhura ana roho ngumu.

Ilipoingia baridi ya mwaka wa pili niliitwa kuonana na nesi wa magonjwa ya kurithi. Nilikwenda na Maryam, kwa kuwa ni yeye hasa aliyekuwa anahitaji maelezo. Nesi alikuwa msichana wa Kiskoti mwenye penseli iliyochongwa vizuri. Alitandaza karatasi kubwa akaanza kuchora ukoo wetu, wanaume miraba, wanawake duara, na wagonjwa akiwapaka weusi. Mama mweusi, mimi mweusi, Seif mweusi. Akafika kwa Zuhura.

"Huyu dada yako hajapimwa mpaka leo?"

"Hataki," nikasema.

"Ana umri gani?"

"Ni kama mimi. Nimemzidi miezi miwili."

Penseli ikasimama. Maryam ndiye aliyeanza kucheka, akasema, "Mum," kisha akaacha kucheka.

Nikaeleza. Nikaeleza jirani, nikaeleza maziwa yaliyokauka, huku mmoja, huku mmoja. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu kama Bi Kidawa alikuwa na undugu wowote na mama yangu. Hakuwa nao. Basi, akasema, Zuhura hawezi kuurithi ugonjwa huu. Anachorithi mtoto ameshakipata kabla hajazaliwa, nusu kwa mama aliyembeba na nusu kwa baba. Maziwa yanamlisha tu.

Mimi nikabishana naye. Nilimwambia kwamba katika dini yetu maziwa yanafanya undugu, si maneno ya mitaani, ni sheria. Akasema anaiheshimu sheria hiyo na wala haipingi, ila figo hazifuati. Kisha akachukua kifutio akamfuta Zuhura kwenye karatasi, akapuliza vumbi la penseli.

Ungetarajia nifurahi. Sikufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa dada yake mbele ya mtoto wake. Tulikuwa tumeshashuka kwenye basi, nyumbani tumekaribia, ndipo nikayakumbuka maneno yangu mwenyewe ya dukani kwa Bi Jaya.

Jumatatu nikasafishwa damu, na Jumanne nikapanda treni mbili kwenda Harrow. Bi Jaya alikuwa ameshafunga duka siku nyingi, Zuhura akishonea nyumbani kwake, sebuleni, kando ya dirisha. Aliponiona mlangoni alishtuka, akadhani nimeleta msiba.

"Nimekuja na habari njema," nikamwambia. "Ule ugonjwa huna. Hujawahi kuwa nao. Haupiti kwenye maziwa."

Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani. "Unapitia wapi?"

Sikuwa na miraba wala duara, nikatumia kilichokuwepo mezani, doti ya kanga ambayo alikuwa hajaikata. Nikamwambia kila mtu anazaliwa na doti, upande mmoja kapewa na mama, wa pili kapewa na baba. Akizaa na yeye, kila mtoto anampa upande mmoja, bila kuuchagua. Mama yetu, upande mmoja wa doti yake ulikuwa na doa. Mimi nikaangukiwa na huo, Seif naye akaangukiwa na uleule. Mmoja wetu angeweza kuukosa, au sote wawili. "Lakini wewe pande zako umepewa na Bi Kidawa na marehemu baba yako," nikasema. "Mama alikupa maziwa tu."

"Maziwa tu," akasema.

Akaikunja ile kanga, akaikunja tena. Kisha akaniuliza ni daktari gani aliyeniambia, wakati ule, kwamba yanapita kwenye maziwa.

"Hapana aliyeniambia," nikasema. "Nilisema mwenyewe."

Nilitamani anitukane. Zuhura hana matusi. Aliiweka kanga mezani, akasema, "Mbarouk alikuwa anataka watoto wanne. Mimi nikahesabu, nikaona nitawaua wawili." Kisha akasimama. "Nenda, Biubwa. Treni zitajaa."

Kituoni hakuja kwa kuwa kila akipita mlango wa hospitali aliiona siku yake mwenyewe ikimsubiri ndani. Figo hakuitaja kwa sababu aliamini zake ni mbovu kama zangu, na kusema hivyo kungekuwa kukiri. Hayo nilielezwa baadaye na Maryam, ambaye Zuhura alimfungulia moyo kuliko mimi. Roho ngumu ilikuwa yangu.

Wiki nne nikampigia simu, hakupokea. Nikamwambia Khamis kila kitu. Alinikorogea uji, na huo ndio ukarimu wake.

Wiki ya tano kituoni alinijia mama mmoja anayeshughulikia watu wanaojitolea figo. Alisema kuna mtu amepiga simu mwenyewe, ameomba apimwe, na ameruhusu nitajiwe jina. Alilitamka vibaya. Nilimwomba alirudie.

Vipimo vilikwenda baridi nzima. Damu ya Zuhura na yangu zikakubaliana kiasi cha kuwatosha madaktari. Kwenye picha ya tumbo, mpigaji alimwambia ana figo nzuri sana, na Zuhura akalia mpaka yule mpigaji akadhani amemuumiza. Na kama kwa kila anayetoa figo, sheria ya hapa ilitaka mtu wa nje atuhoji, ahakikishe hakuna aliyelazimishwa wala kuahidiwa kitu. Alituuliza uhusiano wetu. Zuhura akamjibu kwamba tumenyonya ziwa moja. Yule bwana akataka kujua hilo aliandike vipi kwenye fomu. Zuhura akamwambia aandike apendavyo, yeye amekuja kutoa figo.

Ilikuwa ileile hali ya kutokuwa wa damu yetu iliyomwezesha. Wote tulio wa uzao wa mama yangu tulikuwa na doa au na hofu ya doa. Aliyeonja maziwa yake tu ndiye aliyebaki na figo ya kunipa.

Tulipasuliwa mwezi wa Mei, yeye asubuhi, mimi mchana. Nilipozinduka nesi alinionyesha mfuko wa mkojo uliojaa, mkojo wangu, wa kwanza wa maana baada ya karibu miaka miwili. Hakuna pete wala mkufu niliopewa nikaufurahia hivyo. Jioni nilipewa glasi nzima ya maji na hakuna aliyeihesabu. Khamis alinywa yake mbele yangu.

Niseme ya kukusaidia, kabla sijamaliza. Unapoijaza ile karatasi, kando ya kila jina andika nani alimzaa. Ndugu wa kunyonya, mtoto wa kulea, mtoto wa mke mwenza, wote ni ndugu zako na usikubali mtu akwambie vingine, lakini karatasi haiulizi unampenda nani. Na usiende kwa jamaa zako na jambo ambalo hujamuuliza daktari, hata kama linaonekana lina mantiki. Maryam mpaka leo hajapima. Atapima siku atakayotaka mwenyewe, nami nimejifunza kufunga mdomo.

Siku ya nne baada ya upasuaji Zuhura alikuja kitandani kwangu akitembea kwa miguu yake, ameshika ubavu, kanga mabegani. Alivuta kiti akakaa polepole. Akaniuliza kama inafanya kazi, nikamwambia inafanya. Akaniuliza kama inauma, nikamwambia kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini yalinitoka mawili.

"Nisamehe, Zuhura."

Hakukasirika. Alinitengenezea shuka, akalivuta mpaka kifuani kwangu, kama mama alivyokuwa akitufunika.

"Figo nimekupa," akasema. "Hilo jingine nipe muda."

Sasa ni mwaka wa pili. Kila Ijumaa anakuja Woolwich, anakula kwetu, anasali, anamshonea Maryam, tunacheka. Bado hajalisema lile jingine, la kunisamehe. Nami sijamwomba tena.